Makala Isiyosomwa: Nani Atajibu?

Wahenga walinena kuwa mti hauendi ila kwa nyenzo. Maana yake ni bayana: kazi iliyo kubwa kuliko nguvu za mtu huhitaji chombo, wala hapana aibu katika kukitumia. Lakini methali hiyo haikutufundisha la kufanya pale nyenzo inapokabidhiwa pia kazi ya kuamua ni mti upi ubebwe na ni upi uachwe msituni. Hilo ndilo swali ninalopenda kulijadili na walimu wenzangu katika ukurasa huu. Mfano nitautoa katika kazi moja ya wataalamu wa tiba, ambayo kwa mtazamo wa kwanza yaweza kuonekana kuwa mbali na madarasa yetu ya Kiswahili. Namwomba msomaji avumilie, kwani sarufi yetu ina neno la kusema juu yake.

Kazi yenyewe yaweza kuitwa mapitio ya utaratibu. Wataalamu huchagua swali moja, kwa mfano iwapo dawa fulani huponya. Kisha hujitahidi kukusanya kila makala iliyopata kuandikwa juu ya swali hilo popote duniani, huchuja zisizohusika, hupima ubora wa zilizobaki, na mwishoni hutoa jibu moja litokanalo na zote. Mwaka 1979 daktari Archie Cochrane wa Uingereza alilalamika kwamba taaluma ya udaktari haijajiwekea utaratibu wa kuyakusanya na kuyahakiki majaribio yake yote. Mwaka 1993 iliundwa jumuiya ya kimataifa yenye jina lake, ili kuifanya kazi hiyo.

Nembo ya jumuiya hiyo ni mchoro unaotokana na kisa cha kusikitisha. Mwaka 1972 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa New Zealand. Jaribio hilo lilionyesha kuwa mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati akidungwa dawa za jamii ya kotikosteroidi, mapafu ya mtoto hukomaa upesi na uwezekano wake wa kuishi huongezeka. Majaribio mengine yakafuata, moja baada ya jingine. Hata hivyo, mapitio ya kuyakusanya pamoja hayakuchapishwa hadi mwaka 1989. Kwa muda wa miaka 17 madaktari wengi wa uzazi hawakuitambua nguvu ya tiba hiyo, na jumuiya yenyewe imekadiria kwamba makumi ya maelfu ya watoto njiti huenda waliteseka na kufa pasipo sababu. Makala zilikuwapo, aliyekosekana ni wa kuzisoma zote kwa pamoja.

Basi na tuutazame mzigo wa kusoma. Swali moja huweza kuleta makala elfu kadhaa. Kanuni njema hutaka kila kichwa cha makala na ikisiri yake visomwe na watu wawili, kila mmoja peke yake, na wakihitilafiana wapatanishwe, aghalabu na mtu wa tatu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017, uliotazama mapitio 195, ulionyesha kuwa kazi moja huchukua wastani wa wiki 67 hadi kuchapishwa, na kwamba katika kila makala 100 zilizokusanywa hubaki kama 3 tu. Zile 97 husomwa ili ziwekwe kando.

Hapa ndipo inapoingia mashine. Zimeundwa programu za kompyuta zinazojifunza kutokana na mifano, kama vile Abstrackr ya Chuo Kikuu cha Brown huko Marekani, Rayyan iliyoundwa Qatar, na ASReview ya Chuo Kikuu cha Utrecht huko Uholanzi. Namna zinavyofanya kazi si uchawi. Msomaji huanza kwa kusoma makala chache na kuieleza programu: hii inahusika, ile haihusiki. Programu huyatazama maneno yaliyomo katika kila kundi, hukisia ni zipi kati ya zisizosomwa zinazofanana na zile zilizokubaliwa, kisha huzileta hizo mbele. Kila msomaji anapotoa jibu, nayo huyarekebisha makisio yake. Baada ya muda, zile zinazohusika aghalabu huwa zimekwisha kupanda juu, na zilizosalia chini huwa ni pumba kwa wingi. Hapo msomaji huacha kusoma. Tathmini moja ya mwaka 2015, iliyozipitia tafiti za aina hii, ilisema kwamba kazi yaweza kupungua kwa asilimia 30 hadi 70, na kwamba wakati mwingine nafuu hiyo huandamana na kupotea kwa asilimia 5 ya makala zilizohitajika.

Tusimame kidogo penye neno hilo "kupotea". Sisi walimu wa sarufi tunajua kuwa kitenzi hiki hakimdai mtendaji, kwani kitu hupotea chenyewe. Tunajua pia kwamba lugha yetu inayo kauli ya kutendwa, ambayo humkumbuka mtendaji hata asipotajwa. Tukisema "makala imeachwa", mwanafunzi aweza kunyoosha mkono na kuuliza, imeachwa na nani? Tena tunayo kauli ya kutendeka, ambayo haimpi mtendaji nafasi yoyote: mlango umefunguka, kikombe kimevunjika. Hakuna asemaye "kikombe kimevunjika na Juma". Kila mtoto aliyepata kuvunja kikombe anaijua faida ya kauli hiyo kabla hajafundishwa jina lake.

Hofu yangu juu ya mashine ya kuchuja imo humo. Kuiweka makala kando ni hukumu, na hukumu ina mtendaji. Mashine inapoingia kati, ni rahisi hukumu hiyo ihame kutoka kauli ya kutendwa hadi kauli ya kutendeka. Makala elfu sita "hazikusomeka". Nyingine "zilibaki chini". Hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyefanya lolote.

Nisidhaniwe kuwa naikataa mashine kwa kumwona binadamu kuwa mkamilifu. Uchunguzi wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa msomaji mmoja achujaye peke yake alizikosa asilimia 13 ya makala zilizohitajika, na wasomaji wawili pamoja walikosa asilimia 3. Macho huchoka, na anayesoma ikisiri ya mia nane jioni si yule aliyesoma ya kwanza asubuhi. Wala sisemi kuwa ni heri kungoja. Kisa cha watoto njiti kinatuonyesha kuwa kuchelewa nako huua. Anayeikataa nyenzo na kuliacha jibu likawie miaka miwili naye ametenda jambo, na naye anastahili kuulizwa.

Hata hivyo, makosa ya mtu na makosa ya mashine hayafanani kwa tabia. Msomaji aliyechoka hukosea hapa na pale, na ndiyo maana mwenziwe aweza kumsahihisha. Mashine huelekea kukosea upande mmoja, kwani huacha nyuma makala ambayo maneno yake hayafanani na ya wenzake. Yamkini ikawa ni makala isiyo na ikisiri, au iliyoandikwa kwa lugha nyingine, au iliyotungwa na daktari wa hospitali ndogo asiyeyajua maneno yanayopendwa na majarida makubwa. Jambo hili si geni kwetu. Kila mwalimu aliyepata kusahihisha mitihani amekutana na mtahiniwa aliyejibu kwa hoja sahihi, ila kwa maneno ambayo mwongozo wa kusahihisha haukuyatazamia. Mwongozo wenyewe hauwezi kumwona. Mwalimu aweza, akiamua kusoma.

Tena uzito wa makala haupimwi kwa kufanana kwake na nyingine. Katika Afrika yetu ya Mashariki tunao ushahidi. Kwa miaka mingi iliaminiwa kuwa mtoto mwenye homa kali, ambaye damu yake haizunguki vyema mwilini, huokolewa kwa kutiwa maji mengi ya mshipa kwa haraka. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watoto 3,141 katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania, miongoni mwake Mulago, Mbale, Soroti, Kilifi na Muheza. Katika saa 48 za kwanza walikufa asilimia 10.6 na 10.5 katika makundi mawili yaliyotiwa maji hayo kwa haraka, na asilimia 7.3 katika kundi ambalo halikutiwa. Sisemi kwamba mashine ingeikosa makala ile, kwa kuwa sifa yake ilivuma mno. Nasema kwamba makala moja iliyopingana na desturi ilikuwa na uzito kuliko nyingi zilizokubaliana nayo. Kwa hiyo anayetuambia "ni asilimia 5 tu" hajatueleza neno mpaka atueleze ni asilimia 5 ipi.

Nani basi atajibu? Mwaka 2025 jumuiya ya Cochrane pamoja na nyingine tatu za kazi hiyo zilitamka kuwa dhamana hubaki kwa waandishi wa mapitio wenyewe, hata wakitumia akili bandia. Tamko hilo ni jema, lakini linaleta ugumu wa kifalsafa. Yawezekanaje mtu ajibu kwa kitu asichokisoma?

Nadhani jibu limo katika maana ya amana. Tukimkabidhi mtu kazi, sehemu ya dhamana humwendea yeye, kwa sababu aweza kuulizwa, aweza kuona haya, na aweza kusema "sikuelewa, nirudieni". Mashine haina lolote katika hayo. Kwa hiyo dhamana tunayodhani tumeikabidhi haikutoka mikononi mwetu. Imebaki palepale, na juu yake tumeongeza nyingine, yaani dhamana ya kukijua chombo. Asiyeisoma kila makala hawezi kujibu kwa kila makala, lakini aweza na apaswa kujibu kwa chekecheke lake na upana wa matundu yake.

Kwa vitendo, naona mambo matatu hayana budi. Kwanza, mashine ipewe kazi ya kupanga foleni, na kufunga mlango kuwe kazi ya watu. Pili, kanuni ya kuacha kusoma itangazwe kabla kazi haijaanza, isije ikatungwa na uchovu; na baada ya kuacha, zichukuliwe baadhi ya makala zilizosalia chini bila ya kuzichagua, zisomwe, ili ijulikane kilichoachwa ni cha namna gani. Tatu, ripoti iseme waziwazi ni makala ngapi hazikusomwa na mtu yeyote, na ni nani aliyeamua zisisomwe.

Hilo la tatu ndilo letu walimu. Vyombo vya namna hii havitaishia katika tiba. Chombo kiwezacho kuchuja makala kwa maneno yake kitaweza kuchuja barua za waombaji kazi na insha za watahiniwa. Watakaoviendesha baadhi yao wamo madarasani mwetu leo, wakijifunza kauli za vitenzi na kulalamika kuwa hazina manufaa. Tunapowafundisha kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka, tusiishie kwenye viambishi. Tuwape sentensi mbili, "makala iliachwa" na "makala ilipotea", tuwaulize ni ipi inayomruhusu mama wa mtoto aliyekufa kuuliza "na nani?", kisha tuwaache wajadiliane mpaka kengele ilie.