Mguso wa Pili

Somo: Marko 8:22-26



Jioni jua likipunguza ukali, vijana wetu wa mbio hupita barabara ya kanisani. Mmoja wao wengi wenu mnamfahamu. Mapema mwaka huu mfupa wake wa muundi ulipata ufa mwembamba. Hakuanguka wala hakugongwa. Ni ile kupiga barabara ngumu siku baada ya siku, mfupa usipewe nafasi ya kujijenga. Tabibu alimpumzisha majuma manane, kisha akamruhusu kuanza tena kwa masharti: akimbie kidogo na kutembea kidogo, leo akimbie na kesho apumzike, na mwendo wake uwe ule ambao mtu anaweza kuzungumza na mwenzake bila kukatika pumzi.

Masharti hayo aliyashika majuma mawili. Jioni moja akajiona mzima kabisa, kifua kimefunguka, mguu hauumi. Waliokaa vibarazani wakampigia makofi: “Umepona, mwanangu! Kaza!” Akakaza. Alirudi kwao akichechemea, na sasa anahesabu majuma upya. Haya nayaandika kwa ruhusa yake.

Wenye elimu ya mwili hutueleza kwamba moyo na mapafu hurudia nguvu zake upesi, bali mfupa una saa yake. Mwili huanza kwa kuiondoa sehemu ya mfupa iliyochoka, ndipo hujaza mfupa mpya. Kwa hiyo kipo kipindi ambacho mahali pale pangali dhaifu, ingawa mwenye mguu hasikii tena maumivu. Anayemdanganya mkimbiaji siku hizo si adui yake, ni nafuu yake mwenyewe, na sisi tunaokaa vibarazani tunamsaidia kudanganyika.

Sasa tumtazame yule kipofu wa Bethsaida. Watu walimleta kwa Yesu wakamsihi amguse. Bila shaka walitaka jambo litendeke pale pale, mbele ya macho ya wote. Bwana akamshika mkono, akamtoa nje ya kijiji. Akamtia mate machoni, akaweka mikono juu yake, akamwuliza kama anaona kitu. Yule mtu akajibu kwamba anawaona watu, ila wanaonekana kama miti, nao wanatembea.

Tafadhali msipite upesi hapa. Mtu huyu angeweza kabisa kusema, “Ndiyo, Bwana, naona.” Lisingekuwa hata uongo mtupu, kwa maana mwanga ulikuwa umeingia. Mtu aliyekuwa gizani na sasa anaona miti inatembea ana haki ya kushangilia! Na nani angependa kumwambia Mwana wa Mungu kwamba kazi bado? Sisi tuliofundisha walimu katika chuo tulikuwa tukiwaonya vijana wasiliulize darasa, “Mmeelewa?”, kwa sababu darasa zima huitikia, “Ndiyo, mwalimu,” ili kengele ilie watoke. Kipofu huyu hakuitikia hivyo. Alisema anachokiona, kwa kadiri anavyokiona. Wala Bwana hakumkemea kwa upungufu wa imani, bali aliweka mikono yake juu ya macho yake mara ya pili, naye akaona vitu vyote waziwazi.

Kisha Bwana akampeleka nyumbani kwake, akamkataza hata kuingia kijijini. Mimi nafikiri Bwana alivijua vibaraza vya Bethsaida.

Ndivyo Mungu alivyomtendea Eliya pia. Siku ile ya ushindi wa Karmeli, baada ya dhabihu ya jioni na mvua kubwa, nabii alijifunga viuno akapiga mbio mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Baada ya hapo tunamkuta jangwani chini ya mretemu, akiomba afe. Malaika hakumpa hotuba. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akaja mara ya pili na kumlisha, kwa sababu safari ilikuwa imemzidi nguvu (1 Wafalme 18 na 19).

Najua wapo watakaonijibu kwa habari za John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu. Nimezisikia mimbarani mara nyingi kuliko habari za nabii Obadia. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico, alianguka akaumia goti vibaya, akafungwa bandeji, akaendelea mpaka akaingia uwanjani giza likiwa limeshaingia, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Ni habari nzuri, nami naipenda. Lakini mahubiri yetu huishia pale pale uwanjani. Ni mara chache kumsikia mhubiri akisema kwamba Julai 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari huyo huyo alimaliza marathoni akiwa wa tano, kwa muda wa saa 2 na dakika 15. Goti lile halikuponywa na makofi ya Mexico. Kati ya siku hizo mbili ipo miezi 21, na miezi hiyo haihubiriwi na mtu. Kumaliza siku moja ukiwa umejeruhiwa ni jambo moja. Kupona ni jambo jingine, nalo lina siku nyingi zisizo na watazamaji.

Nasema haya kwa sababu ya jambo lililo kati yetu. Yupo ndugu katika parishi yetu aliyeacha pombe wakati wa Kwaresima. Tulifurahi sana, na ilikuwa haki yetu kufurahi. Lakini kabla ya Pentekoste tulikuwa tumekwisha kumsimamisha atoe ushuhuda katika mitaa minne, na juu ya hayo tukamkabidhi fedha za kwaya. Mwezi Agosti akaanguka. Ndipo wale wale waliompigia vigelegele wakasema, “Huyo hakuokoka kamwe.” Mimi sikubali. Aliguswa kweli na mkono wa Bwana, naye alikuwa akiwaona watu kama miti, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza anaona nini. Tulimtaka aseme amepona, akasema.

Sasa amerudi. Huketi benchi la nyuma karibu na dirisha, na ibada ikiisha huondoka kimya. Nasikia wapo wazee wa kanisa wanaopendekeza asimame kunena siku ya Sikukuu ya Mavuno, ili watu waone neema ya Mungu. Nawaomba kwa heshima, wazee wangu, msifanye hivyo. Kama atataka kusema, atasema mwenyewe, mwaka huu au miaka mitatu ijayo. Neema ya Mungu inaweza kuonekana hata katika benchi la nyuma.

Nimeongea naye, naye ameniruhusu kuandika haya pasipo jina. Nilipomwuliza ni lini panapomwia vigumu, hakutaja majaribu makubwa. Alisema ni Jumamosi jioni atokapo kazini, kwa kuwa njia ya kwake inapita kilabuni na wenzake wa zamani humwita kwa jina. Asemalo ni kwamba akiwa na mtu wa kuzungumza naye njiani, hupita bila shida. Mwendo ni nusu saa, wa polepole, unaofaa hata kwa sisi wazee wenye magoti mabovu.

Jumamosi hii nitakwenda naye mimi. Jumamosi mbili zinazofuata bado hazina mtu. Atakayeweza amwone Kasisi baada ya Ibada ya Asubuhi, wala si lazima kutangaza.