Mkuu Anayesikiliza

Wazazi wa mtaa wa Landless hawaendi mkutano wa shule kwa sababu wana nafasi. Mama wa kibanda amemwachia jirani sukuma wiki yake. Baba wa kiwandani ameomba ruhusa ya saa chache, na akichelewa kurudi siku hiyo hailipwi. Kisha mwalimu mkuu anashika kipaza sauti. Anasoma alama za wastani za kila somo, anaanza kwa Kiingereza, anaingia Kiswahili, anarudi Kiingereza. Maswali yamewekwa mwisho wa ratiba, watu wakishaanza kutazama lango.

Simlaumu kwa kutojua kuongea. Wakuu wetu wanaongea vizuri, wengine kupita kiasi. Wanachokosa wengi ni sikio la kupokea jambo lisilopendeza kutoka kwa mtu aliye chini yao.

Sikio hilo alikuwa nalo Geoffrey Griffin, aliyeanzisha shule ya wavulana ya Starehe mwaka 1959 pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu. Aliweka baraza ambamo mvulana yeyote angeweza kusimama akalalamikia chakula, mwalimu, hata uongozi wenyewe, bila kuadhibiwa. Wala Griffin hakuwa mtu wa kubembeleza. Alikuwa amepitia jeshini, na nidhamu yake ilijulikana nchi nzima. Nadhani hapo ndipo baraza lilipopata nguvu. Mtu mkali akikubali kuulizwa hadharani, wavulana wanaona kwamba ukali wake hauna kinyongo.

Kwingine malalamiko yametafuta njia nyingine. Machi 2001, moto uliowashwa katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, uliua wavulana 67. Sisemi mazungumzo pekee yangewaokoa. Aliyebeba petroli alikuwa na hatia yake. Ila hasira ya wanafunzi haizaliwi usiku mmoja, na shuleni daima kuna mtu aliyeisikia mapema akaogopa kubisha mlango wa ofisi.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilimpa mwakilishi wa wanafunzi nafasi katika bodi ya shule. Vizuri. Lakini mtoto wa kidato cha tatu, ameketi mbele ya mtu atakayeandika kuhusu tabia yake kwenye cheti cha kumaliza shule, atathubutu kusema nini? Atasema maji ni machache, basi. Heri mkuu aanze mwenyewe: amwulize ni kosa gani la ofisi yake linalowakera wenzake, ajibu pale pale mbele ya bodi, na wiki inayofuata mtoto yule asitafutiwe sababu ya kurudishwa nyumbani.