Nauli ya Sasuke

Kila Jumapili mchana watu watano tunajibana kwenye bedsita yangu hapa Roysambu kuangalia Naruto upya. Upya, kwa sababu sote tulishaimaliza zamani. Mimi niliianza nikiwa kidato cha pili, kwa flashi iliyojazwa kwa duka la movie mtaani, nikigombania kiti kimoja na ndugu yangu anayenifuata. Yeye alikuwa upande wa Sasuke, mimi wa Naruto, na tulibishana hadi Mama azime taa.

Naruto ya kwanza ina episodi 220, Shippuden ina 500. Jumla 720. Ukiongeza kelele zetu, sidhani tutamaliza mwaka huu. Kelele zenyewe mara nyingi ni za mapenzi: nani alifaa kuoa nani, Hinata alimstahili Naruto ama la, na kubwa kuliko zote, kwa nini Sakura aliolewa na Sasuke baada ya yote aliyomtendea. Hiyo moja imeshawahi kutumalizia chai bila mtu kubonyeza play.

Kwa wale hamjaiona, kisa ni hiki. Naruto ni yatima asiyependwa na kijiji chake. Sasuke ni yatima ambaye ukoo wake wote uliuawa usiku mmoja na kaka yake mwenyewe, Itachi. Sakura anampenda Sasuke. Wote watatu wako timu moja chini ya mwalimu Kakashi. Usiku mmoja Sasuke anaamua kuhama kijiji akatafute nguvu za kulipiza kisasi. Sakura anamngoja njiani, analia, anamwomba abaki, na kama haiwezekani basi amchukue waende pamoja. Sasuke anamwambia asante, anamzimisha, anaenda zake. Asubuhi wanamkuta Sakura amelala kwenye benchi. Anamwomba Naruto amrudishe Sasuke nyumbani, na Naruto anaahidi. Si ahadi ya wiki, ni ahadi ya maisha.

Hadithi yote iliyobaki inaning'inia kwenye ahadi hiyo. Na kwa miaka mingi nimeipenda kwa sababu hiyo. Juzi nilikuwa natoa ile hotuba yangu ya kawaida: mtu wako ni mtu wako, hata akipotea humwachi, Naruto alituonyesha urafiki ni nini. Wengine walikuwa wanaitikia. Dada yetu mdogo, kitinda mimba wetu, alikuwa amekaa sakafuni ameegemea kitanda. Hakuinua hata kichwa.

"Bro," akasema, "kwako ni rahisi. Wewe ulikuwa unalala Roysambu."

Wenzetu walidhani ni utani. Mimi nilijua anasema nini.

Ndugu yangu, yule wa upande wa Sasuke, aliingia kwenye kubeti. Ilianza na mia mia, kama inavyoanza kwa kila mtu. Dada yetu alikuwa amefanya kazi saluni mwaka mzima akiweka karo ya chuo kwa simu, shilingi 38,000. Ndugu yetu alikuwa anajua PIN, kwa sababu nyumbani kwetu hatukuwa tunafichana PIN. Jumamosi moja pesa zilienda zote, na Jumapili yeye mwenyewe akaenda. Tulikaa miezi saba bila kusikia sauti yake.

Nilimtafuta. Nilipiga simu kwa kila mtu aliyewahi kumjua, hadi nikaambiwa yuko Mombasa analala kwa rafiki. Nilimtumia shilingi 1,200 za nauli, nikamwambia rudi nyumbani, hakuna atakayekuuliza kitu. Halafu nikaenda Umoja kwa Mama, nikazungumza kwa uchungu kabisa. Damu nzito kuliko maji, nikasema. Mama alilia, akakubali. Dada yangu hakusema kitu, na mimi nikahesabu kimya chake kuwa ndiyo.

Alirudi. Alilala sebuleni kwa Mama. Dada yangu alilala chumba cha ndani na Mama, simu ndani ya foronya, mwaka wa chuo umempita. Jioni ile ile mimi nilipanda matatu nikarudi kwangu nikijisikia Naruto. Niliamini nimelipa gharama ya kumrudisha. Nilikuwa nimelipa nauli tu.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tangu ile Jumapili ninaangalia episodi zile zile na ninaona vitu ambavyo miaka hii yote vilikuwa vinanipita.

Kwa mfano, kuna pahali wageni wa kijiji cha Kumo wanakuja kumtafuta Sasuke, kwa kuwa yeye na kundi lake walimshambulia Killer B, mwalimu wao na ndugu ya kiongozi wao. Karui, mmoja wa wageni hao, anamtaka Naruto aseme yote anayojua kuhusu Sasuke. Naruto anakataa kumuuza rafiki yake, lakini pia anakataa kujitetea. Anamwambia Karui atoe hasira zake kwake, na anapigwa hadi uso unavimba. Nikiwa kijana niliona ujinga mtupu. Sasa naona kitu kingine: Naruto anajua kuna deni, na anatoa mwili wake kulilipa. Hamwambii Karui kwamba ameumia bure.

Baadaye anasafiri hadi nchi ya Chuma na kumkuta Raikage, ndugu ya Killer B. Anapiga magoti kwenye theluji na kumwomba asimuue Sasuke. Raikage anakataa na kuendelea na safari yake. Tulipokuwa wadogo mimi na ndugu yangu tulimtukana sana Raikage kwa roho yake ngumu. Lakini mwangalie vizuri yule mzee. Ndugu yake ndiye aliyeshambuliwa. Wakati huo anaamini ametekwa. Anayeombwa msamaha hapo ni mtu ambaye kidonda chake bado kibichi, na anayeomba si yule aliyemjeruhi. Raikage alikuwa na haki ya kusema hapana, na Naruto alikuwa na haki ya kuomba. Aliomba, lakini hakudai. Mimi nilipoenda Umoja sikuomba. Nilitangaza.

Halafu kuna Sakura. Kijana mmoja wa timu, Sai, ambaye hajui kuficha maneno, anamweleza kwamba ahadi aliyomwekea Naruto imekuwa kama laana mgongoni mwake. Sakura anaenda hadi kwenye ile theluji na kumdanganya Naruto kwamba sasa anampenda yeye, ili amfungue na ile ahadi. Naruto anajua ni uongo, anakataa. Sakura anaamua kwenda kumuua Sasuke mwenyewe, amebeba kisu chenye sumu. Anashindwa, mkono unagoma. Na Sasuke, siku hiyo hiyo, anajaribu kumuua mara mbili. Mara ya kwanza anaokolewa na Kakashi, mara ya pili na Naruto.

Sasa hapa ndipo mjadala wetu huwaka moto. Kuna mwenzetu mmoja husema Sakura ni mjinga, kwisha. Kuna mwingine, yeye ni mwalimu wa chekechea na huongea polepole, husema sisi tunapenda hesabu kuliko watu. Hoja yake inanisumbua mpaka leo: kama kila mtu angepiga hesabu ya gharama kabla ya kumfuata aliyepotea, hakuna ambaye angerudi. Sasuke angefia porini na chuki yake, na vita vile vikubwa vingeisha vibaya kwa kila mtu. Lazima awepo mtu mmoja asiyejua kupiga hesabu.

Nakubaliana naye. Sijutii kumtumia ndugu yangu nauli. Angebaki kule, sijui kama leo tungekuwa tunamzungumzia kama mtu aliye hai. Lakini kumfuata mtu ni jambo moja, na kumsamehe ni jambo lingine, na mimi nilizifanya kuwa moja. Kumfuata kunaweza kuwa kwangu. Miguu ni yangu, nauli ni yangu, magoti ni yangu. Msamaha wa zile 38,000 haukuwa wangu. Naruto aliweza kumsamehe Sasuke kwa lile tobo alilotobolewa kifuani kule bondeni, kwa sababu kifua kilikuwa chake. Kwa niaba ya Sakura hakuweza. Hata angetaka, angekuwa anagawa mali ya mwenyewe.

Na ukiangalia vizuri, hadithi yenyewe inajua. Baada ya pigano lao la mwisho, Naruto na Sasuke wamelala chini, kila mmoja amepoteza mkono. Sakura amepiga magoti katikati yao anawatibu. Hapo Sasuke anamwomba Sakura msamaha, kwa mdomo wake mwenyewe, kwa mambo yote tangu mwanzo. Naruto amelala pale pale kando yake, na kwa mara ya kwanza hamsemei. Sasuke anasema maneno machache sana. Kwenye kundi letu wengi huona hayatoshi, na mimi pia nilikuwa na maoni makali kuhusu hilo. Siku hizi mtu akiniuliza kama yalitosha, namwambia amuulize Sakura.

Nilimwomba dada yangu msamaha wiki ile ile. Si kwa ajili ya ndugu yetu, kwa ajili yangu. Nilimwambia nilimfanyia uamuzi ambao haukuwa wangu, na kwamba nilipaswa kumuuliza. Akaniuliza, "Na kama ningesema hapana?" Nikafikiria. Nikamwambia ningemchukua ndugu yetu akae kwangu, alale kando ya simu yangu mimi. Alicheka kidogo. "Hiyo ndiyo ungefanya," akasema. Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza.

Ndugu yetu sasa anaosha magari Donholm. Tangu mwezi wa pili anamtumia dada yetu shilingi 500 kila Jumamosi, bila ujumbe. Ukipiga hesabu, itamchukua mwaka na nusu hivi. Dada yetu huzipokea na kunyamaza, na mimi nimejifunza kutotafsiri kimya chake.

Juzi ndugu yetu alinipigia. Amesikia tunaangalia Naruto, na kwamba tunakaribia pigano la mwisho. Anataka kuja Jumapili. Kisha akasita, akaniambia, "Hebu niongelee kwanza na yeye. Wewe anakusikiza."

Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nilikuwa na hotuba nzima tayari, ile ya damu na maji.

"Namba yake unayo," nikamwambia. "Mpigie mwenyewe."