JUMANNE: Kugeuzwa kwa Kutazama

Soma 2 Wakorintho 3:18. Kwa mujibu wa fungu hili, mtu hubadilishwa na nini?

Zamani wakazi wa Tanga walijaa katika sinema ya Majestic kutazama filamu za Kihindi. Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilipendwa pwani yote. Watu walitoka wakiimba nyimbo ambazo maneno yake hawakuyaelewa, na vijana wakampelekea fundi cherehani mitindo waliyoiona. Hakuna aliyewaamuru. Kutazama kulitosha.

Januari 1969, Umoja wa Vijana wa TANU ulianzisha Operesheni Vijana jijini Dar es Salaam, ukipiga vita sketi fupi, suruali za kubana na mawigi. Hata hivyo, miaka ya 1970 ilijaa bugaluu na viatu vya raizoni. Amri iligusa nguo. Haikugusa macho wala moyo.

Paulo anaanzia kwingine. Anayeutazama utukufu wa Bwana hufananishwa naye hatua kwa hatua, na kazi hiyo ni ya Roho, si ya askari. Basi mzee anayemkemea kijana kwa mtindo alioupata kwenye filamu za simuni na akumbuke bugaluu yake mwenyewe (Mathayo 7:3-5). Kijana naye apime saa anazoipa filamu na dakika anazompa Kristo.

Kwa mjadala: Darasa lenu litawasaidiaje vijana wamtazame Kristo, badala ya kuwakagua mavazi mlangoni?