Asiyejua Ana Hatia Gani?

Kwenye semina ya wachumba ninayofundisha kigangoni kwetu, upande wa Igogo, kijana mmoja anayepakia dagaa sokoni Mwaloni alisimama akauliza: "Mwalimu, kama sijapima homa ya ini, nikamwambukiza mke wangu bila kujua, nina dhambi gani?" Wenzake wakacheka. Mimi niliona kauliza swali zito kuliko yote ya siku ile.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilipitia jambo hili tangu karne ya 13. Asiyekuwa na namna ya kujua halaumiwi. Ila yupo mwingine, aliyeamua kutojua ili aendelee kufanya atakalo. Huyo hana pa kujifichia.

Huku kwetu mtu akivimba tumbo na macho yakawa ya manjano, majibu yapo tayari: ama kichocho cha ziwani, ama mkono wa mtu. Kichocho kipo, sikatai, na ini kinaliharibu kweli. Lakini virusi vya homa ya ini B navyo vipo, na vinaweza kukaa mwilini miaka 20 mtu anavuta nyavu kila usiku bila kuumwa, mpaka ini lisinyae au liote saratani. Hupita kwenye damu, kwenye tendo la ndoa, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Mganga akichanja chale ukoo mzima kwa wembe mmoja, kazi imekwisha. Hata damu iliyokauka inaweza kuambukiza kwa siku 7. Kula ugali na sato sahani moja hakuambukizi, wala kushikana mikono tunapotakiana amani. Hili nalisema kwa sauti, kwa sababu nimeona mtu akitengewa kikombe.

Binti aliyekulia Ukerewe, asiyewahi kusikia hata jina la ugonjwa huu, hana hatia hata chembe. Kama hatia ipo, ni yetu tuliosikia tukanyamaza. Lakini kijana wa Mwaloni ameshasikia, kanisikia mimi. Nilimwambia kwamba tangu saa ile kutojua kwake ni uamuzi wake. Akanijibu, "Basi bora nisingekuja."

Wapo wanaosema kupima na kuchanjwa ni kukosa imani. Mbona Kanisa lenyewe hatuliambii hivyo? Kabla ya ndoa tunasoma majina Jumapili tatu, mwenye kujua pingamizi aseme, na sijasikia mtu akilalamika kwamba matangazo yanamdharau Mungu. Tunaulizia kwa sababu mtu anakaribia kukabidhiwa mtu. Na Bugando, hospitali ile ya kilimani inayoonekana karibu mji mzima, ni ya maaskofu wetu.

Tena homa ya ini B si pingamizi. Mmoja akikutwa nayo, mwenzake akiwa salama anachanjwa dozi tatu ndani ya miezi sita, na ndoa inafungwa. Dawa ya kuvimaliza kabisa virusi hivi haijapatikana, ila zipo za kuvituliza. Anayenisumbua mimi ni mtoto. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili huvishinda. Wanaobaki navyo hawafiki 5 katika 100. Mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, karibu 90 katika 100 hubaki navyo. Baba alichagua kutojua, akamwambukiza mama, na anayelipa ni mtu ambaye hakuulizwa chochote.

Chanjo hii ilianza kutolewa kwa watoto wachanga nchini mwaka 2002. Wengi mliozaliwa kabla ya hapo hamkuipata. Mliozaliwa baadaye, mwombeni mama kadi ya kliniki muone kama dozi zilikamilika. Kisha nendeni mkapime wawili, mwambiane majibu kabla majina yenu hayajasomwa Jumapili ya kwanza.