Anayepimwa Leo Ndiye Mpimaji wa Kesho

Mwanafunzi wa chuo cha biashara huingia darasani kujifunza kupima. Hufundishwa kupima gharama, faida, hatari ya mkopo, ufanisi wa wafanyakazi na kuridhika kwa wateja. Akihitimu ataajiriwa kwa kazi hiyo hiyo: atakabidhiwa watu na mali, kisha aulizwe nani apandishwe cheo na tawi lipi lifungwe. Katika miaka hiyo yote ya masomo yeye mwenyewe naye anapimwa, kwa majaribio, kazi za vikundi, mtihani wa mwisho wa muhula na hatimaye GPA, yaani wastani wa alama zake zote. Tumezoea kuyatenganisha mambo haya mawili. La kwanza tunaliita kozi, la pili tunaliachia ofisi ya mitihani. Naamini ni jambo moja. Namna chuo kinavyompima mwanafunzi ndilo somo la uongozi analolisoma kwa muda mrefu kuliko yote, na litabaki naye hata akishasahau kanuni za uhasibu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na meneja umpimavyo ndivyo atakavyowapima wengine.

Tuanze na ugumu wenyewe. Kujifunza hakuonekani kwa macho. Ni badiliko lililo ndani ya mtu: jana aliitazama mizania ya kampuni akaona safu za tarakimu, leo anaona kampuni inayokopa ili ilipe madeni ya zamani. Badiliko hilo halina urefu wala uzito. Tunachokiona ni dalili zake tu, yaani maneno aliyoandika, hesabu aliyokokotoa, uamuzi alioutetea. Kwa hiyo kila mtihani umebeba dai ambalo halijaandikwa popote kwenye karatasi: kwamba anayejibu swali hili vizuri anao ule uwezo usioonekana. Dai hilo laweza kuwa kweli na laweza kuwa uongo, na mzigo wa kulithibitisha ni wa mwalimu aliyetunga swali.

Mwaka 1956 Benjamin Bloom na wenzake huko Marekani waliyapanga malengo ya elimu katika ngazi sita, kuanzia kukumbuka na kuelewa, kupitia kutumia na kuchambua, hadi kuunganisha mawazo na kutathmini. Chukua swali kama hili, ambalo kila aliyesoma biashara amekutana na ndugu zake: taja na ueleze majukumu matano ya meneja. Liko kwenye ngazi za chini kabisa. Tukiishia hapo, tunamtunuku mtu shahada kwa dai kwamba anaweza kuamua, ilhali tulichokishuhudia ni kwamba anaweza kutaja.

Katika vyuo vikuu vya Tanzania dai hilo lina mtihani mwingine ndani yake. Kozi hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, wakati sehemu kubwa ya biashara ya nchi, kuanzia soko la Kariakoo hadi mnada wa korosho, hufanyika kwa Kiswahili. Mwanafunzi anayeujua mtiririko wa fedha wa duka la mama yake kwa undani anaweza kupata alama hafifu kwa sababu sentensi zimemshinda. Mhadhiri naye, akiiona karatasi hiyo, huandika kwamba hakuelewa. Hapo kipimo kimepima lugha kikaripoti biashara, na hakuna aliyekusudia uongo huo.

Wanafunzi huliona pengo hili mapema kuliko walimu. Ndiyo maana madesa huzunguka vyuoni mwetu, nakala zinazorithishwa mwaka hadi mwaka, pamoja na mitihani iliyopita na majibu yake. Watu wazima hupenda kuliita jambo hilo uvivu. Mimi naliita usomaji sahihi wa soko. Mwanafunzi amegundua kwamba chuo kinalipa kumbukumbu, hivyo anawekeza kwenye kumbukumbu. Mwaka 1975 Steven Kerr, msomi wa menejimenti wa Marekani, aliandika makala inayosomwa hadi leo katika vyuo vya biashara, akionyesha jinsi taasisi zinavyozawadia jambo moja huku zikitumaini kupata jingine. Moja ya mifano yake ni vyuo vikuu vyenyewe.

Mwaka huo huo mchumi wa Uingereza, Charles Goodhart, alitoa hoja ambayo baadaye ilifupishwa hivi: kipimo kikishafanywa lengo, hupoteza ubora wake kama kipimo. Ushahidi wake umejaa katika historia ya biashara. Benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwasukuma wafanyakazi wake wamuuzie kila mteja bidhaa nyingi, na kauli mbiu ya ndani ilikuwa bidhaa nane kwa mteja mmoja. Idadi ya akaunti ilitakiwa iwe dalili ya wateja kuiamini benki. Wafanyakazi wakafungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Mwezi Septemba 2016 benki hiyo ilitozwa faini ya dola milioni 185, na wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa kazi kwa sababu ya mwenendo huo. Kisa hiki hufundishwa darasani kama onyo. Lakini mwanafunzi anayekisoma kwa madesa ili apate A anaishi ndani ya kisa hicho hicho: idadi imechukua nafasi ya kitu kilichotakiwa kuonyeshwa na idadi hiyo. Tumemwambia kwa mdomo kwamba mfumo huo ni mbaya, kisha tukamlea ndani yake kwa miaka mitatu.

Je, tuache kupima? Hapana, maana asiyepimwa huishi kwa kukisia, na chuo kisichopima humtuma mhitimu akajaribie ujinga wake kwa fedha za wengine. Swali la maana ni hili: kipimo kinamdai nani?

Kwa desturi kinamdai mwanafunzi peke yake. Akifeli, anarudia mtihani, yaani sapu. Akifeli tena, anadisko, yaani anaondolewa chuoni. Mhadhiri anakabidhi matokeo na kufunga faili. Mizani ya muuza nyama hukaguliwa na Wakala wa Vipimo kabla mnunuzi hajatakiwa kuiamini. Mizani ya darasani hukaguliwa zaidi kwa kutazama wangapi wamefaulu. Nusu ya darasa ikishindwa swali lile lile, kuna habari pale kuhusu ufundishaji, kuhusu mtaala, au kuhusu swali lenyewe. Habari hiyo mara nyingi hufa pamoja na karatasi zilizofungiwa stoo.

AACSB, taasisi ya ithibati ya vyuo vya biashara iliyoanzishwa Marekani mwaka 1916, ililigusa jambo hili katika viwango vyake vya mwaka 2003. Vyuo vilitakiwa kutoa ushahidi kwamba programu nzima inawafikisha wanafunzi kwenye malengo yaliyotangazwa, na alama za kozi peke yake hazikutosha kuwa ushahidi. Tofauti hiyo ni ya msingi. Alama inauliza: mwanafunzi huyu amefanyaje katika kozi hii? Tathmini ya programu inauliza: sisi walimu, kwa pamoja, tumewajengea wanafunzi wetu uwezo tulioahidi? Swali la kwanza linamtazama mwanafunzi, la pili linakitazama chuo.

Wahadhiri wengi huipokea tathmini ya namna hii kama mzigo wa makaratasi, na mara nyingi wana haki. Wanajaza fomu, wanakusanya asilimia, ripoti inapelekwa juu kabla ya ujio wa wakaguzi, na hakuna kinachobadilika darasani. Kipimo kisichorudi kwa mpimaji hakina maana kwake, hata kiwe na takwimu nzuri kiasi gani. Uzito wake unakuja pale wahadhiri wawili wanaposahihisha kazi ile ile kwa mwongozo mmoja bila kuonana, kisha wanakaa na kugundua kwamba mmoja alitoa 75 na mwenzake 50. Mjadala unaofuata, kwamba uchambuzi mzuri ni upi hasa na tunaufundisha wapi, una thamani kuliko ripoti yoyote. Unaweza kuishia kwa kuhamisha mada kutoka mwaka wa tatu kwenda wa kwanza, au kwa kukiri kwamba uwezo tuliouandika kwenye tovuti ya chuo haufundishwi na kozi yoyote. Fomu zinazoleta mjadala huo zibaki. Zisizouleta ziondolewe.

Kwa upande wa mwanafunzi, kipimo hurudi kwa njia ya mrejesho, na mrejesho una wakati wake. Mwaka 1967 Michael Scriven, mtaalamu wa tathmini, alitenganisha tathmini inayofanywa kazi ikiwa bado inafinyangwa na ile inayofanywa kazi ikishakamilika. Vyuo vyetu vimeelemea ya pili. Mtihani wa mwisho unafanywa, matokeo yanatangazwa, karatasi haionekani tena. Kosa lililoandikwa pale mwanafunzi hatalijua kamwe. Utafiti uliochapishwa na Ruth Butler mwaka 1988, juu ya wanafunzi wa shule huko Israeli, ulionyesha kwamba waliopewa maelezo pekee waliboresha kazi zao, ilhali waliopewa alama pamoja na maelezo hawakufaidika na maelezo hayo. Wale walikuwa watoto, na chuo si shule ya msingi. Hata hivyo kila mhadhiri ameliona jambo hilo kwa macho yake: karatasi inapokelewa, namba inatazamwa, maelezo ya pembeni hayasomwi. Maelezo yatangulie basi, mwanafunzi arekebishe, ndipo alama ije.

Mfano wa jaribio linalostahili mhitimu wa biashara uko kwenye masoko yetu. Mpe mwanafunzi kisa cha lumbesa. Mfanyabiashara ananunua viazi kwa gunia lililojazwa kupita kiasi, wakati sheria ya vipimo inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100. Mwanafunzi akokotoe bei halisi ya kilo moja kwa mkulima na kwa mnunuzi. Aeleze nini hutokea pale usafiri au ushuru unapotozwa kwa gunia badala ya kilo. Aseme kwa nini mkulima anakubali, na angeshauri nini kama angekuwa meneja wa ununuzi mwenye bosi anayedai gharama zishuke. Kisha aueleze uamuzi wake kwa Kiswahili mbele ya watu wanaoruhusiwa kumbana kwa maswali. Hakuna desa la kumsaidia hapo. Hesabu, sheria na dhamiri vimo ndani ya swali moja, kama vilivyo katika kazi inayomsubiri.

Pingamizi kubwa haliko kwenye ukubwa wa madarasa, ingawa ni kweli kwamba mhadhiri mwenye wanafunzi mia tano hawezi kumsikiliza kila mmoja. Pingamizi kubwa ni haki. Mtihani wa maandishi wenye namba badala ya jina umemlinda mtoto wa mkulima asiye na mjomba chuoni. Kadiri tunavyoongeza nafasi ya hukumu ya mwalimu, ndivyo tunavyofungua mlango kwa upendeleo na kwa ubaya mkubwa zaidi, rushwa ya ngono, ambayo sheria ya Tanzania ya kuzuia na kupambana na rushwa ya mwaka 2007 imeitaja kuwa kosa. Historia nayo inatupa tahadhari. Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba mitihani hupima kukumbuka mambo na kuyatoa kwa wakati, wala haifaulu daima kupima fikra, na haipimi kabisa tabia na moyo wa kutumika. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 kuhusu elimu, kazi za darasani na mwenendo vikaingizwa katika tathmini ya shule. Lengo lilikuwa sahihi. Lakini tabia ikishawekwa mikononi mwa mtu mmoja bila vigezo vya wazi, mwanafunzi hujifunza kumridhisha mtu huyo.

Jibu ni kuweka uwazi, wala halitulazimu kurudi kwenye swali la kutaja. Vigezo vitangazwe kabla ya kazi, wasahihishaji wawe wawili panapohitaji hukumu, kazi za maandishi ziendelee kufichwa majina, na mwanafunzi awe na haki ya kuuliza na kujibiwa bila hofu. Vikao vichache kwa mwaka ambamo wanafunzi wanatetea kazi zao katika vikundi vidogo, vikisimamiwa vizuri, vinatosha kuonyesha programu inafanya kazi au la; si lazima kila kozi ibebe kila kitu.

Mwanafunzi aliyepimwa hivi hupata kitu ambacho hakimo kwenye mtaala. Ameona mwenye mamlaka akitaja vigezo vyake hadharani na kuvifuata. Ameona walimu wake wakibadilisha ufundishaji kwa sababu matokeo yamewadai wabadilike. Siku atakapokabidhiwa wafanyakazi ishirini na lengo la mauzo, atakuwa na swali la kuuliza kabla ya kulibandika ukutani: namba hii ikishuka, nani kati yetu atalazimika kubadilika, wao peke yao au na mimi? Chuo cha biashara ambacho wahitimu wake wanauliza swali hilo kimetimiza kazi yake, na chuo kisichojiuliza swali hilo chenyewe hakina namna ya kuwafundisha.