Kampuni Ikibadili Kila Kitu, Je, Ni Ile Ile?

Mtengenezaji wa kompyuta mwenye wateja wachache, katika soko lililoshikwa na wakubwa, hana njia nyingi za kuchagua. Anaweza kutoa leseni ya mfumo endeshi wake ili wengine waunde mashine. Anaweza kuacha kuunda mashine na kubaki na programu tu, au kuhamia prosesa inayotumiwa na kila mtu ili gharama zishuke. Anaweza pia kupunguza bidhaa na kuwauzia wachache kwa bei ya juu. Vitabu vya biashara huyapima haya kwa mizani ya faida na hasara. Lakini kuna swali la kale zaidi ndani yake: kitu kinaweza kubadilishwa kiasi gani kikabaki kuwa kile kile?

Plutarch aliandika kwamba Waathene waliitunza meli ya Theseus kwa kutoa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakabishana kama bado ilikuwa meli ile ile. Fundi wa majahazi wa Lamu pengine asingeona tatizo hapo. Ugumu wenyewe uliletwa na Thomas Hobbes katika karne ya 17: je, mtu akizikusanya zile mbao kuukuu na kuziunga upya kwa mpangilio wake wa awali, ipi kati ya meli hizo mbili ndiyo ya Theseus?

Apple ililazimika kulijibu swali hili kwa vitendo. Kuanzia 1995 kampuni kadhaa, Power Computing ikiwa mojawapo, ziliunda kwa leseni mashine zinazoendeshwa na mfumo wa Macintosh. Matumaini yalikuwa kupanua soko. Badala yake wapya hao waliwachukua wateja wale wale wa Apple, hasa wanunuzi wa mashine ghali zenye faida nono. Mwaka wa fedha wa 1997 Apple ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 1. Steve Jobs, aliyekuwa amerudi Apple, alikomesha leseni hizo, akakubali uwekezaji wa dola milioni 150 kutoka kwa mshindani wake Microsoft, na akapanga bidhaa katika mafungu 4 tu: za mezani na za kubebeka, kwa mtu wa kawaida na kwa mtaalamu. Kukomesha leseni kulikuwa pia na maana ya kifalsafa: Apple ilikuwa ikisema kwamba mashine na mfumo wake havitenganishiki.

Hata hivyo mfumo wenyewe ulikuwa mbioni kuachwa. Desemba 1996 Apple ilikuwa imetangaza kuinunua, kwa dola zaidi ya milioni 400, kampuni ya NeXT ambayo Jobs aliianzisha baada ya kuondoka Apple mwaka 1985. NeXT nayo ilikuwa imeshafanya uchaguzi wake: mwaka 1993 iliacha kuunda mashine. Mfumo wake ndio uliokuwa msingi wa Mac OS X mwaka 2001. Mpaka leo anayeandika programu za Mac hukutana na majina kama NSString na NSArray, na herufi hizo NS zinatokana na NeXTSTEP, mfumo wa NeXT. Aliyenunua alibaki na jina. Aliyenunuliwa alileta mbao. Hobbes asingepata mfano bora.

Kwa kampuni ya kompyuta ya Acorn ya Cambridge, Uingereza, mambo yalikwenda kinyume. Wahandisi wake, Sophie Wilson na Steve Furber, walibuni prosesa iliyofanya kazi kwa mara ya kwanza mwaka 1985. Mwaka 1990 kazi hiyo ikahamishiwa kwenye kampuni mpya, ARM, iliyoundwa na Acorn, Apple na VLSI Technology. Neno Acorn lilifutwa hata katika kirefu cha ARM. Kompyuta za Acorn zimekwisha, lakini simu janja karibu zote zinatumia usanifu wa ARM.

Kwa hiyo jina halitoshi kuwa kipimo, wala vipuri. John Locke alipendekeza kipimo kingine kwa upande wa binadamu: mzee ni yule yule kijana kwa kuwa anayakumbuka ya ujanani. Kwa kompyuta, kumbukumbu ya namna hiyo ni uwezo wa kuendesha programu za zamani. Power Macintosh ya 1994, iliyotumia prosesa za PowerPC, ilikuwa na programu ya kuigiza prosesa za Motorola zilizotangulia, hivyo kazi za juzi ziliendelea. Apple ilipohamia prosesa za Intel mwaka 2006, programu iitwayo Rosetta iliendesha zile za PowerPC. Ilipohamia prosesa zake yenyewe za usanifu wa ARM mwaka 2020, Rosetta 2 iliendesha za Intel.

Thomas Reid alikwisha kuiona kasoro ya kipimo hiki mwaka 1785. Jenerali anakumbuka siku alipokuwa ofisa, na yule ofisa alikumbuka alivyochapwa utotoni, lakini jenerali hakumbuki tena viboko vile. Mac nayo iko hivyo: Rosetta ya kwanza iliondolewa mwaka 2011, na Mac ya 2020 haiendeshi yenyewe programu ya 1994. Pingamizi la Reid linamtikisa Locke, ila haliuvunji mnyororo. Inatosha kila pete ishike ile iliyo jirani nayo, na huo ndio utambulisho ambao mtengenezaji mdogo anaweza kuutunza: kila anapobadilika, mteja wa jana apate njia ya kuvuka na kazi zake.

Commodore, iliyounda kompyuta za Amiga, haikufika hapo. Ilifilisika Aprili 1994. Jina la Amiga likanunuliwa na Escom mwaka 1995, Escom nayo ikafilisika mwaka 1996, likachukuliwa na Gateway mwaka 1997. Haki za jina zilihama kihalali kila mara, lakini hakuna hata mmoja wa wanunuzi hao aliyewapa wenye Amiga mashine ya kizazi kipya ya kuhamishia kazi zao.